Kumrejesha Mzee Alikozaliwa: Safari Inayotaka Nia Kabla ya Nauli

Ni nyumba chache za pwani yetu zisizokuwa na upande wa pili wa bahari. Katika mtaa mmoja wa Mombasa, Malindi au Lamu utamkuta mzee aliyezaliwa Ngazija, jirani yake ambaye wazazi wake walitoka Hadhramaut, na ng'ambo ya uchochoro bibi wa Kibajuni aliyeondoka Kismayu au kisiwa cha Chula akiwa angali msichana. Wazee hawa hukutaja kwao kila siku pasi na kukusudia: katika jina la samaki, katika namna ya kuunga mchuzi, katika neno ambalo wajukuu hulicheka kwa kuwa halisemwi hivyo mtaani.

Kisha huja siku mzee akasema waziwazi, "Nataka kwenda kwetu nikakuone." Watoto hujibu, "Inshallah," na maisha yakaendelea. Ada ya shule, kodi ya nyumba, harusi ya huyu na msiba wa yule, hadi miguu ya mzee ikakataa ngazi za chombo na ile ahadi ikageuka deni lisilolipika.

Sisi tuandikao makala haya ni wajukuu watatu wa mvuvi mmoja wa kusini mwa Kwale. Babu yetu alizaliwa kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, akatoka huko akiwa na umri wa miaka 11, na hakukiona tena kijiji chake hadi tulipompeleka katika mwezi wa Rajabu, Januari 2025. Umri wake sasa umepita miaka 70. Tunaandika kwa kuwa tumejifunza mambo ambayo huenda yakazifaa familia nyingine zilizo na mzee anayesubiri jibu.

Kwa nini hakurudi

Wapemba na pwani ya Kenya hawakufahamiana jana. Vizazi kwa vizazi wavuvi wa Pemba wamekuwa wakifuata misimu ya upepo na ya samaki, wakienda dago Vanga, Shimoni, Gazi na hata juu zaidi kuelekea Malindi, wakikaa miezi kadhaa kisha wakirejea kwao. Kwa mvuvi wa zama hizo mkondo wa Pemba ulikuwa njia, haukuwa mpaka.

Yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, wengine waliokuwa dago hawakurejea, na wengine walioko kisiwani walipakia walichoweza wakavuka. Baba yake babu alikuwa miongoni mwa waliovuka. Alimchukua mwanawe wa kiume. Mkewe alibaki kumuuguza mama yake mzazi aliyekuwa kitandani, pamoja na binti mdogo wa miaka minne. Mpango ulikuwa wa msimu mmoja tu.

Msimu ule ulizaa miaka 60. Baba mtu alifia Kenya na kuzikwa Kenya. Mwana alikua, akavua, akaoa, akapata watoto na wajukuu, wala hakuwa na kipande. Wasomaji wetu wa Kwale na Kilifi wanajua maana ya neno hilo. Asiye na kipande hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hasajili laini ya simu, hafungui akaunti ya benki, na watoto wake huhangaikia vyeti vya kuzaliwa. Baharini huvua kwa leseni ya mwenziwe, na nchi kavu hukwepa njia yenye askari.

Wapo waliovuka usiku kwa mashua kwenda kuwazika wazazi wao na kurudi. Babu hakuthubutu. Alihofia kwamba akitoka asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na wanawe. Habari ya kifo cha mama yake ilimfikia kwa mdomo wa wavuvi, baada ya arubaini kupita.

Mambo yalibadilika mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi hii na kuanza kuwapa vitambulisho. Wamakonde walikuwa wametangulia kuipata haki hiyo miaka michache kabla. Siku babu alipokabidhiwa chake alikigeuza mbele na nyuma, akatuuliza swali moja: "Hiki kinavuka bahari?"

Nia kabla ya nauli

Jambo la kwanza tunalowausia wasomaji ni kumuuliza mzee anataka nini hasa huko aendako. Sisi vijana tulikuwa na orodha yetu. Tulitamani kuuona msitu wa Ngezi, magofu ya Ras Mkumbuu na kisiwa cha Misali. Orodha ya babu ilikuwa na mambo matatu tu: kumwona dada yake, kulizuru kaburi la mama yake, na kukiona kisima cha kijijini. Safari ikapangwa kwa orodha ya mwenyewe. Mzee si mtalii, na nguvu zake ni za kuhesabu. Kila saa anayoitumia barabarani kwa ajili ya macho yetu huipunguza ile aliyokuja kukaa na watu wake.

Jambo la pili ni kutuma habari mapema na kuisema nia kwa maneno ya wazi. Mgeni anayerejea baada ya miaka 60 hufurahisha, lakini pia hutia hofu. Waliobaki hujiuliza: amekuja kusalimia au amekuja kudai? Hofu hiyo si uovu. Wao ndio waliokipalilia kilichobaki. Tuliongea kwa simu na mtoto wa dada yake babu mara tatu kabla ya kuondoka, na kila mara tulihisi swali ambalo adabu ilimzuia kuliuliza.

Tatu, wana wa mzee wakae kitako naye kabla ya safari. Baba yetu na ami zetu walimwambia babu mbele yetu kwamba lolote atakaloliamua huko kuhusu mali ya wazee wake wataliridhia. Kikao kile cha nusu saa ndicho kilichoiokoa safari, kama tutakavyoeleza.

Hati, dawa na bahari

Kitambulisho cha Kenya peke yake hakitoshi kuingilia Tanzania. Hutakiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki. Msafiri hutakiwa pia awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Hapa familia ziwe makini. Kwa waliofikisha miaka 60 chanjo hiyo haitolewi kwa mazoea tu. Ni lazima daktari ampime mzee na kuyaangalia maradhi aliyonayo, na akiona haifai humwandikia barua ya udhuru. Jambo hili lianzwe mwezi mzima kabla ya safari, lisingojee wiki ya mwisho.

Njia tuliyoifuata ni ya barabara hadi Lunga Lunga, kisha Horohoro, na kutoka hapo kiasi cha kilomita 65 hadi mjini Tanga, tukapumzika usiku mmoja kabla ya kupanda meli. Meli ya Tanga kwenda Pemba haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizeni ratiba kabla ya kuianza safari. Dawa za presha na sukari zikae katika mkoba wa mkononi, zisiwekwe katika mizigo. Mzee ashuke garini kila baada ya saa mbili anyooshe miguu. Na msafiri akumbuke rukhusa aliyopewa ya kupunguza sala za rakaa nne na kuzijumuisha. Wapo wazee wanaoona haya kuitumia, wakajitesa kutafuta maji ya udhu njiani kila kipindi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa siku nne kamili mahali, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hurudi kusali kamili.

Tulichagua Januari kwa sababu ya kaskazi na bahari iliyotulia. Hata hivyo babu hakuzungumza tangu meli ilipong'oa nanga. Alikuwa na tasbihi mkononi. Tulipomuuliza kama anaumwa alisema anawarehemu waliozama na meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikienda Pemba kutoka Unguja usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikaondoka na mamia ya watu. "Katika hao," alisema, "sijui ni wangapi waliokuwa jamaa zangu. Sikuwa na wa kumuuliza."

Alichokikuta

Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Jazirat al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani, na jina hilo lingali linakistahili. Kutoka bandarini tulipanda daladala kuelekea kaskazini, tukipita vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Kadiri tulivyokaribia Micheweni ardhi ilizidi kuwa ya mawe na miti kuwa mifupi. Babu alitazama nje kama mtu asomaye barua iliyofifia wino.

Kijiji hakikumjia. Nyumba ya wazee wake haikuwapo, mwembe mkubwa haukuwapo, na msikiti wa udongo aliosomea alifu kwa kijiti ulikuwa umepisha msikiti mpya wenye vigae na vipaza sauti. Wajukuu wa wenzake wa utotoni walimwamkia "shikamoo mzee" kama wanavyomwamkia mgeni yeyote. Tuliiona huzuni ikimwingia, na tunawatahadharisha wasomaji waitarajie. Mzee hubeba picha ya mahali pasipokuwapo tena. Msimharakishe kufurahi.

Kilichomtambulisha kijiji kwake kilikuwa mteremko. Alipofika mahali njia ishukapo kuelekea pwani, alisimama, akasema kushoto kuna kisima. Kilikuwapo. Sasa kina mfuniko wa saruji na pampu, na kijiji kizima hunywa humo. Babu akawauliza vijana waliokuwa wakichota ni nani aliyekichimba. Hawakujua. Wakamwita imamu, naye hakujua. Babu akamtaja ndugu wa babu yake aliyekichimba, akaeleza kwamba aliuza ng'ombe wawili kuwalipa wachimbaji, na kwamba alipoyafikia maji aliyatoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Bikizee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akaitika, "Kweli, nilimsikia mama akisema."

Hapo ndipo tulipolifahamu jambo ambalo hatukulitarajia. Tulidhani tunampeleka babu akapokee habari za kwao. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na habari. Aliyeondoka huyashika aliyoyaacha, hayarekebishi wala hayachanganyi na mapya, na mara nyingine hurudi na kile ambacho waliobaki wamekipoteza kwa kuishi nacho.

Swali la dada

Dada yake alikuwa akimngojea ndani, amevaa kanga mpya. Alipoagwa alikuwa mtoto wa miaka minne, kwa hiyo hakuwa na sura ya kaka yake ya kukumbuka. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha bibi yule akauliza swali ambalo bila shaka alikuwa nalo kwa miaka mingi: "Kaka, mbona hukuja kumzika mama?"

Babu hakutafuta maneno. Alijibu, "Sikuwa na kipande."

Bibi hakuelewa. Kwake kipande ni karatasi, na mama ni mama. Ikabidi mmoja wetu aeleze, na kadiri tulivyoeleza ndivyo tulivyoona jinsi jambo hilo linavyosikika mbele ya mtu aliyemwosha na kumkafini mama yake peke yake, akiulizwa na majirani yuko wapi mwanamume wa nyumba hii. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Alikuwa akiuliza habari zako kila chombo kilipoingia." Kisha akaondoka kwenda kutuletea muhogo wa nazi na pweza, nasi tukala kimya kimya. Hatukusikia akisema kwamba amemsamehe. Lakini tangu jioni ile hadi tulipoondoka hakukubali mtu mwingine ampakulie kaka yake chakula.

Tunaisimulia habari hii kwa makusudi. Dini yetu imetuhimiza kuunga udugu, na ikatufundisha kwamba muungaji wa kweli ni yule aungaye palipokatika. Palipokatika pana makali. Mwenye kwenda kuunga asitarajie kupokewa kwa vigelegele tu. Awe tayari kuulizwa, na awe na jibu la kweli.

Mikarafuu

Usiku wa pili lile swali la kwenye simu liliulizwa. Kwa wasioijua Pemba, yafaa kueleza. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Mkarafuu mmoja wenye afya ni ada ya mtoto shuleni. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitangazwa kuwa ya serikali, na mashamba mengi yakagawiwa wananchi kwa mafungu ya eka tatu. Lakini kisiwani humo mti unaweza kuwa na mwenyewe hata pale ardhi isipokuwa yake, na miti saba mikongwe ya baba yake babu ilikuwa ingali imesimama.

Kwa hesabu ya faraidhi, fungu la mwana wa kiume ni mara mbili ya fungu la binti. Miaka 60 haiifuti haki hiyo. Kijana wa dada, ambaye ndiye aliyeipalilia miti na kupanda michanga pembezoni, aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Alisema kwa heshima, "Mjomba, miti ni yako. Sema neno lako tulijue."

Babu aliomba aitwe imamu na watu wazima wawili. Mbele yao alisema mambo matatu. Michanga ni ya aliyeipanda, haihusiani na mirathi. Fungu lake katika miti mikongwe amempa dada yake, kwa ridhaa yake na kwa kuwajua wanawe. Ila miti miwili iliyo karibu na kisima, ambayo dada yake alikubali ihesabiwe katika fungu la kaka, iwe wakfu wa kisima, mapato yake yanunue mafuta ya pampu. Yakaandikwa, yakatiwa saini, na imamu akamwelekeza mpwa ayapeleke yakasajiliwe katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar.

Hatusemi kila mzee aiache haki yake. Mirathi ni haki, na wapo wenye shida wanaoihitaji. Tunasema kwamba jambo hili lisiachwe bila kusemwa. Mzee akiondoka bila kutamka neno, huwaachia watoto wa pande mbili ugomvi wasioujua mwanzo wake.

Kaburi

Kwa miaka mingi babu amekuwa akituusia kwamba akifa azikwe Pemba, ubavuni mwa mama yake. Wasia huo ulitutia hofu tangu alipoanza kudhoofika, na kusema kweli tulikwenda tukiogopa kwamba akifika atakataa kurudi.

Asubuhi ya siku ya nne dada yake alituongoza makaburini. Hapakuwa na jiwe wala jina. Bibi alionyesha kwa mkono eneo lenye nyasi, chini ya mti, akasema ni hapa au pale. Wamezikwa wengi tangu wakati huo. Babu aliketi chini akawasomea Yasini wote waliokuwa mahali pale, wa kwake na wa wenzake. Alipomaliza alikaa kitambo, kisha akatugeukia. "Nilidhani nitaona mahali pangu pamewekwa," alisema. "Nitakapofia, hapo hapo mnizike. Msinisumbue na msijisumbue."

Wanazuoni wa madhehebu yetu hawapendelei maiti kuhamishwa kutoka mji aliofia, na jambo hilo babu alilijua siku zote. Kulijua hakukumtosha, alihitaji kufika.

Kwa familia nyingine

Kuna wazee ambao kwao hakufikiki kwa sasa. Wenye asili ya Hadhramaut wamezuiwa na vita vya Yemen, na wengi wa ndugu zetu Wabajuni na Wabarawa waliokimbia Somalia ilipoanguka mwaka 1991 hawana amani ya kutosha ya kuwarejesha wazee wao. Kwao tunasema: safari ya nusu nayo ni safari. Simu ya leo huonyesha uso. Tafuteni jamaa mmoja aliyeko huko, aishike simu na kutembea nayo mtaani huku mzee akimwelekeza pa kupita. Mtashangaa mzee ataitaja njia ipi.

Na kwa wanaoweza kusafiri, hesabuni kwa miguu ya mzee, msihesabu kwa mifuko yenu. Safari yetu ya siku tisa ilitugharimu akiba ya mwaka mzima ya watu watatu, na kuna harusi moja iliyofanywa ndogo kwa ajili hiyo. Fedha zitarudi.

Hata kabla ya hapo kuna kazi isiyotaka nauli. Baada ya Ijumaa hii chukueni daftari, mkae na mzee, mwandike majina: ya baba na babu zake hadi anapokoma, ya dada na shangazi, ya kijiji na vitongoji vyake, ya waliozikwa na mahali walipozikwa, ya kilichoachwa na cha nani. Muulizeni pia ni nani anayemdai na ni nani anayemdai yeye msamaha. Daftari letu lilikuwa na majina 43 tulipoondoka Kwale. Tuliporudi yalikuwa 112, na 19 kati yao yana namba za simu. Kila Ijumaa sasa, baada ya sala, babu huchagua moja akapiga. Dada yake ndiye anayeanza.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na aturuzuku sisi kuwahi.